Sura ya Saba: Bega la Mchimbaji

Kabla dhahabu ya Rwamgasa au Nyarugusu, mkoani Geita, haijafika kwenye mizani ya mnunuzi, imekwisha kupita mabegani mwa watu wengi. Chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia, yuko anayegonga tindo kwa nyundo, mara nyingi mkono ukiwa juu ya kichwa, maana mkanda wa mwamba wenye dhahabu haumchagulii mtu mahali pa kusimama. Juu wako wanaozungusha winchi kupandisha viroba. Yupo anayebeba kiroba begani hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na pembeni wamekaa kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo tangu asubuhi. Ukienda Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, kazi ni ileile. Mvua zikianza, wengi wa watu hawa hurudi kwenye pamba, mahindi na mpunga, na jembe nalo huinuliwa kwa bega hilohilo.

Sura hii inahusu jeraha moja: kano za bega kuchanika kwa kiwango kikubwa, na njia za upasuaji zilizopo. Mgonjwa akifika kwa daktari, swali lake la kwanza huwa, "Nitafanyiwa upasuaji gani?" Kwa mtu wa ukanda wa dhahabu swali hilo ni la tatu. La kwanza ni jeraha lina muda gani. La pili ni mkono huu unatakiwa urudi kwenye kazi ipi. Asiyejibu hayo mawili anaweza kufanyiwa upasuaji mzuri na bado akabaki na mkono usiomfaa.

Kano nne

Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni kikubwa, na kikombe chake kwenye bapa la bega ni kidogo na hakina kina. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Kinachokiweka kichwa hicho katikati ya kikombe ni misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega: mmoja mbele, mmoja juu, miwili nyuma. Kano zake hukizingira kichwa cha mfupa na kujishikiza humo. Msuli mkubwa wa nje, ule unaolipa bega umbo la mviringo, ndio wenye nguvu nyingi ya kuinua mkono. Lakini ukivuta peke yake hukisukuma kichwa cha mfupa juu, kikagonga mfupa ulio kileleni mwa bega, na mkono usiinuke. Zile kano nne ndizo zinazokizuia kisipande. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu upasuaji wa mwisho nitakaoueleza umejengwa juu yake.

Kano hizi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchakaa polepole kwa umri na kazi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu wasio na maumivu yoyote ya bega. Kati ya waliozidi miaka 60, zaidi ya nusu walikuwa na kano iliyochanika nusu au kabisa. Kwa hiyo picha peke yake haimhukumu mtu kisu. Njia ya pili ni ya ghafla: kuteleza kwenye matimba, yaani magogo ya kukanyagia, wakati wa kupanda duara, kudaka kamba yenye mzigo unaoporomoka, kuanguka na bodaboda barabara ya Katoro. Mtu aliyevuka miaka 40 bega likimteguka, asiridhike linaporudishwa mahali pake. Kama baada ya wiki mbili au tatu bado hawezi kuinua mkono, achunguzwe kano.

Madaktari huupima mchaniko kwa sentimita: chini ya 1 ni mdogo, 1 hadi 3 ni wa kati, 3 hadi 5 ni mkubwa, na ukizidi 5 ni mkubwa kabisa. Wengine huhesabu kano zenyewe, na zikikatika mbili au zaidi nao huuita mkubwa kabisa. Sura hii ni ya makundi hayo ya mwisho.

Miezi inayopotea

Njia ya kawaida ya mgonjwa hueleweka kirahisi. Ameanguka, bega linauma, anaenda zahanati. Anaandikiwa dawa za maumivu. Likiendelea, anapigwa eksirei na kuambiwa mfupa ni mzima. Maneno hayo ni ya kweli, lakini eksirei haionyeshi kano. Yeye anaelewa kwamba hana tatizo, anarudi nyumbani, anaanza kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa. Maumivu yakigoma anatafuta sindano. Sindano ya steroidi ndani ya bega hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa huidhoofisha kano, na ikichomwa karibu na siku ya upasuaji huongeza hatari ya usaha. Miezi sita imepita, na hakuna aliyemwambia kwamba kano imekatika.

Kulitambua tatizo hakuhitaji mashine kubwa. Mhudumu wa kituo cha afya aushike mkono wa mgonjwa na kuuinua mwenyewe taratibu. Ukigoma kwenda hata kwa msaada wake, huenda ni bega lililoganda, ugonjwa unaowapata sana wenye kisukari, na tiba yake ni nyingine. Ukienda wote akiuinua yeye, kisha akiuachia unaanguka, hiyo ni dalili kubwa ya kano. Amwambie pia mgonjwa akunje kiwiko na kukibana ubavuni, kisha amzungushie kiganja nje na kumwachia. Kiganja kikirudi chenyewe tumboni, kano za nyuma zimelegea au zimekatika.

Baada ya hapo altrasaundi inatosha kwa kuanzia. Mikononi mwa mtu aliyefundishwa kupima bega, altrasaundi hugundua kano iliyokatika kabisa kwa uhakika unaokaribiana na wa MRI, kwa bei ndogo zaidi. Eksirei nayo ina kazi yake. Kichwa cha mfupa kikionekana kimepanda, nafasi kati yake na mfupa wa juu ikiwa chini ya milimita 7, kano ya juu inawezekana imekatika siku nyingi.

Siku nyingi ndiyo hatari yenyewe. Kano iliyokatika hujivuta kuelekea kwenye msuli wake, na msuli usiovuta kitu huanza kunyauka na kujaa mafuta. Mfaransa Daniel Goutallier aliupangia mwendo huo madaraja mwaka 1994, kuanzia 0, msuli safi, hadi 4, mafuta yakiwa mengi kuliko nyama. Mafuta hayo yakishaingia kwa wingi, hayatoki hata kano ikishonwa vizuri. Kushona kano ya msuli uliofika daraja la 3 au 4 ni sawa na kufunga kamba mpya kwenye winchi isiyo na mtu wa kuizungusha.

Ndiyo maana kano iliyokatika ghafla kwa mtu anayefanya kazi inatakiwa ifike kwa daktari bingwa wa mifupa ndani ya wiki chache, na kama ni ya kushonwa, ishonwe ndani ya miezi mitatu hivi. Iliyochakaa polepole haina haraka hiyo. Utafiti wa vituo kadhaa vya Marekani uliochapishwa 2013 uliwafuata watu wenye kano zilizokatika kabisa bila ajali, wakitibiwa kwanza kwa mazoezi ya fiziotherapia. Miaka miwili baadaye, chini ya robo ndio waliokuwa wamechagua upasuaji. Kwa bibi wa miaka 65 anayeweza kuchota maji na kusuka nywele za wajukuu, mazoezi ya wiki 12 yanaweza kuwa tiba yote anayoihitaji.

Kushona

Mwaka 1909, mjini Boston, daktari Ernest Amory Codman aliishona kano ya bega iliyokatika, na miaka miwili baadaye akachapisha maelezo yake. Wazo halijabadilika: kano ivutwe irudi ilikotoka na ibanwe kwenye mfupa hadi ishikane nao. Kilichobadilika ni vifaa. Siku hizi nanga ndogo zenye nyuzi hupigiliwa kwenye mfupa, na nyuzi hizo huifunga kano chini. Daktari anaweza kulipasua bega wazi, au kuingiza kamera na vyombo vyake kwa matundu madogo.

Wagonjwa wengi huamini kwamba pasipo kamera hakuna tiba. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulilinganisha njia hizi mbili kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana katika maumivu wala uwezo wa mkono. Upasuaji wa matundu madogo una faida zake, ikiwamo kidonda kidogo na kuuona undani wa kiungo chote. Lakini mtu wa Kahama asikae mwaka mzima akisubiri kamera ilhali yupo bingwa anayejua kushona kano kwa njia ya wazi. Muda anaoupoteza ni ghali kuliko kovu.

Kushonwa si kupona. Kano iliyochanika sana huachia tena mara nyingi, hasa kwa wenye umri mkubwa, wavutaji wa sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2004, wagonjwa 18 wenye michaniko mikubwa walishonwa kwa matundu madogo, kisha wakapimwa kwa altrasaundi. Kano ziliachia tena kwa 17 kati yao. Hata hivyo wengi walikuwa na nafuu kubwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ingawa nafuu hiyo ilipungua katika mwaka wa pili. Maana yake kwa mchimbaji ni hii: upasuaji unaweza kumwondolea maumivu ya usiku bila kumrudishia nguvu ya kuinua nyundo juu ya kichwa. Hayo ni malengo mawili, na aulizwe mapema analitaka lipi.

Upo upasuaji mwingine ambao ulipendwa sana kwa miongo mingi: kukwangua mfupa wa juu wa bega ili kano ipate nafasi. Charles Neer wa Marekani aliueneza kuanzia 1972. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa wenye maumivu ya bega ambao kano zao hazijakatika kabisa. Waliokwanguliwa mfupa hawakuwazidi waliotiwa kamera na kutolewa bila kukwanguliwa chochote. Mwenye kano iliyokatika akiambiwa kwamba tiba yake ni kukwangua mfupa tu, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kano isiposhoneka

Kuna wakati daktari anafungua bega na kukuta kano imejivuta, imekuwa ngumu, haivutiki. Hapo uchaguzi unategemea zaidi umri na kazi.

Chaguo la kwanza ni kushona kinachoshoneka. Kano za mbele na nyuma zikishikizwa vizuri, kichwa cha mfupa kinaweza kutulia katikati hata kama tundu limebaki juu. Pamoja na hilo daktari husafisha nyama zilizovimba, na mara nyingi huikata kano ndefu ya msuli wa mbele wa mkono inayopita ndani ya bega, ambayo ni chanzo kikubwa cha maumivu. Upasuaji huu ni mfupi, gharama yake si kubwa ikilinganishwa na mingine, na mapumziko yake ni mafupi iwapo hakuna kilichoshonwa. Kwa mzee anayetaka alale usiku, unaweza kutosha.

La pili ni kuhamisha kano nyingine. Mwaka 1988 Christian Gerber wa Uswisi alieleza namna ya kuung'oa mwisho wa msuli mpana wa mgongo na kuuhamishia juu ya kichwa cha mfupa, ufanye kazi ya kano za nyuma zilizokufa. Wengine siku hizi huhamisha sehemu ya chini ya msuli unaoshuka kutoka shingoni hadi mgongoni. Njia hii inamfaa zaidi mtu wa miaka 40 au 50 ambaye kiungo chenyewe hakijaliwa, kano ya mbele ni nzima, na bado anaitegemea mikono yake. Inahitaji daktari mzoefu na mgonjwa mvumilivu, kwa sababu ubongo lazima ufundishwe upya kuutumia msuli wa mgongo kuinua mkono, na hilo huchukua miezi.

La tatu ni kuweka kiraka. Teruhisa Mihata wa Japani alichapisha mwaka 2013 matokeo ya kushona utando mgumu kutoka pajani, kutoka kwenye kikombe hadi kwenye kichwa cha mfupa, ili kukizuia kisipande. Utando wa mgonjwa mwenyewe haununuliwi, ila upasuaji wenyewe ni mgumu, na kwingineko hutumika ngozi iliyoandaliwa kiwandani ambayo bei yake ni kubwa.

La nne limekuja kwa kishindo na kupoa haraka: puto la plastiki linalojazwa maji ya chumvi juu ya kichwa cha mfupa, kisha huyeyuka lenyewe baada ya miezi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2022 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa puto halikuonyesha faida, na waliowekewa puto walikuwa na hali duni kuliko waliosafishwa tu. Mgonjwa wa Geita akisikia habari za puto hili, asihuzunike kwamba halijamfikia.

Kiungo bandia kilichogeuzwa

Kano zikiwa zimekufa na mfupa nao umeanza kulika, kubadilisha kiungo kwa umbo lake la kawaida hakusaidii, kwa kuwa hakuna cha kukishika kichwa kipya. Mfaransa Paul Grammont wa mji wa Dijon, mwaka 1985, aligeuza mpangilio: tufe akaliweka kwenye bapa la bega, na kikombe akakiweka juu ya mfupa wa mkono. Mhimili wa kuzungukia ukashuka na kusogea ndani, na ule msuli mkubwa wa nje ukaweza kuinua mkono peke yake bila kukisukuma kiungo juu. Marekani iliruhusu kiungo cha aina hii mwaka 2003, na leo kimeenea duniani.

Kwa mtu wa miaka 70 asiyeweza kupeleka kijiko mdomoni, mabadiliko ni makubwa. Kwa mchimbaji wa miaka 38 ni jambo la kuogopwa. Wanaowekewa kiungo hiki hukatazwa kuinua vitu vizito na kugonga kwa nguvu maisha yao yote. Chuma kikilegea, kikiteguka au kikipata usaha, marekebisho yake ni magumu, na mfupa wa kushikia unakuwa umepungua. Kijana akitaka kiungo hiki ili arudi kwenye tindo, daktari mwaminifu atamkatalia.

Vumbi na ganzi

Ukanda huu una jambo lake ambalo vitabu vya ng'ambo havilitilii mkazo. Mapafu ya mchimbaji yamevuta vumbi la mwamba miaka mingi, na kifua kikuu ni jirani yake wa karibu. Upasuaji wa bega mara nyingi hutumia sindano ya ganzi shingoni, pamoja na nusu kaputi au bila hiyo. Ganzi hiyo kwa kawaida huupooza pia kwa saa kadhaa upande mmoja wa kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua. Mwenye mapafu mazima hata hatambui. Mwenye mapafu yaliyojaa vumbi anaweza kubanwa. Aliyefanya kazi chini aseme amekaa duarani miaka mingapi, aseme kama amewahi kutumia dawa za kifua kikuu, na apigwe picha ya kifua kabla ya siku ya upasuaji. Asione haya kwamba ameulizwa bega anajibu kifua.

Mahali pa kwenda papo. Hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita ndizo mlango wa kupata rufaa. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ni kimbilio la Kanda ya Ziwa, na tangu Juni 2025 mgonjwa wa Geita huvuka kwa daraja la Kigongo-Busisi badala ya kusubiri kivuko. Ipo pia hospitali ya kanda ya Chato. Kwa magumu zaidi kuna KCMC Moshi, na Taasisi ya Mifupa MOI, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na inayofanya upasuaji wa viungo kwa matundu madogo. Kabla ya kupanda basi la mbali, mgonjwa aulize kwa simu au kupitia daktari wake: bingwa wa bega yupo siku gani, nanga zipo au atanunua mwenyewe, na mazoezi ya baadaye atayafanyia wapi.

Miezi sita ya kumlisha nani?

Swali la mazoezi ndilo linaloamua matokeo. Kano ikishonwa, mkono hukaa kwenye kitambaa cha shingoni kwa wiki 4 hadi 6. Kisha huanza kusogezwa kwa msaada, halafu wenyewe. Mazoezi ya nguvu hayaanzi kabla ya wiki ya 12 hivi. Kazi nzito ni baada ya miezi 6, na kwa mchaniko mkubwa inaweza kukaribia mwaka. Anayerudi kubeba kiroba wiki ya nane anaing'oa kano kabla haijashikana na mfupa, na fedha yote ya upasuaji imekwenda.

Nani anaweza kukaa miezi sita? Mfanyakazi wa mgodi mkubwa wa Geita au Bulyanhulu ana mkataba. Akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, unagharamia matibabu na kumlipa fidia kwa siku asizofanya kazi. Mwenzake wa duara la jirani, mwamba uleule, hulipwa kwa mgao wa mawe. Asiposhuka hana mgao. Huyu wa pili ndiye anayegonga kwa mkono, ndiye anayepanda kwa kamba na matimba, na bega bovu kwake ni hatari ya kufa, kwa sababu siku mkono utakapomwachia atakuwa mita nyingi juu ya sakafu.

Kwa hiyo daktari wa ukanda huu anapaswa kuuliza mambo ambayo mwenzake wa Uingereza hahitaji kuyauliza: unashuka kwa kamba? Nyumbani nani mwingine analeta chakula? Kuna kazi ya chini ya usawa wa bega unayoweza kuhamia, kusimamia mota ya karasha, kuhesabu viroba, kuuza vifaa? Majibu yakionyesha kwamba mapumziko hayawezekani, kusafisha bega na kukata ile kano inayouma, pamoja na kubadili kazi, kunaweza kumfaa kuliko kushona kano itakayochanika tena kabla ya mavuno.

Lakini mapumziko yanaweza kuwezeshwa, na wenye uwezo huo wako karibu kuliko Dodoma. Kundi la duara tayari linajua kugawana: mwenye leseni ana chake, mwenye duara ana chake, wachimbaji wana chao, na kila mzigo ukipanda hesabu hufanyika palepale. Kundi linaloweza kukubaliana hayo yote linaweza kukubaliana pia kwamba katika kila mgao kipo kiasi cha aliyeumia, na vyama kama GEREMA, chama cha wachimbaji wa mkoa wa Geita, vinaweza kukifanya kiwe sharti badala ya huruma. Kiasi hicho kianze na altrasaundi ndani ya mwezi wa kwanza. Atakayekutwa na kano iliyokatika wiki ya tatu ana njia zote nilizozieleza. Atakayekutwa nayo mwaka wa pili atachagua kati ya zile zilizobaki, na nyingi kati ya hizo zitampunguzia maumivu bila kumrudisha kwenye tindo.